Game ya anga tuliyocheza juu ya mawe ya Iringa: dadu mbovu, na hakuna aliyerudi nyumbani

Wakuu, habari za humu. Kamwene kwa watu wa Iringa, ndaga kwa wa Mbeya. Wengine mtanisamehe, salamu za kwenu sizijui.

Nina miaka sitini na kitu, na kawaida yangu ni kusoma nyuzi zenu na kupita kimya. Leo nimeshindwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na shahidi wangu yuko hai, tena ana simu kali kuliko yangu.

Mjukuu wangu wa kike yuko chuo. Majuzi alikuja kunisalimia, badala ya kunisalimia akakaa sebuleni anabishana na wenzake kwenye simu kuhusu game moja ya anga za juu. Huyu anasema ina bugs kibao. Yule anasema sawa, lakini ule ukimya na zile sayari huzipati kwingine.

Nikamwambia, "Huo ubishi sisi tuliumaliza miaka ya sabini." Akacheka sana. Bibi na game wapi na wapi!

Basi kaeni vizuri.

Nilikuwa Form Four, shule ya bweni ya wasichana huko Iringa. Kwetu ni Mbalizi, Mbeya. Rafiki yangu Tumpe alikuwa wa Iyunga, tulipanda basi moja tangu Form One na tulikaa dawati moja. Wa tatu ni Vero, Mhehe wa Mafinga, baba yake fundi kwenye kiwanda cha mbao.

Mwalimu wetu wa fizikia, mzungu wa kujitolea, alipomaliza muda wake aliacha boksi la vitabu. Chini kabisa Tumpe akakuta kijitabu chembamba cha Kiingereza, maelekezo ya mchezo wa kusafiri kwenye nyota.

Hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia mlipo na mnachokiona. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini. Penye hatari unarusha dadu, dadu ndiyo inaamua.

Sasa panya walikuwa wameshakula kurasa za mwisho. Sheria za kuondoka duniani zilikuwepo. Za kurudi hazikuwepo.

Tumpe akasema haidhuru. Akakaa na kamusi, akatafsiri kilichobaki kwenye daftari, na yeye ndiye akawa msimulizi.

Dadu hatukuwa nayo. Vero akarudi kutoka likizo na aliyoichonga mwenyewe kwa kipande cha paini, matundu kayachoma kwa msumari wa moto. Nzuri, inanukia utomvu.

Hapa naomba mnisikilize. Binti wa fundi mbao, amekua anacheza kwenye maranda, kachonga kwa MBAO MBICHI! Eti alikuwa anawahi basi. Wiki mbili hazikuisha, dadu ikakauka, ikapinda. Ukiirusha mara kumi, mara saba inakuja moja. Na kwenye mchezo ule, moja maana yake hewa inavuja.

Tulichezea kwenye mawe nyuma ya bweni. Jumamosi mchana ndiyo siku ya kufua, unaanika nguo juu ya jiwe na unazilinda, maana upepo wa Iringa hauna adabu, utaikuta sketi yako kwa jirani. Jiwe kubwa ndilo lilikuwa chombo chetu. Tunakaa sita au saba, masweta na khanga juu.

Tumpe anafumba macho, anaanza kwa sauti ya chini.

Sayari ya kwanza ilikuwa vumbi tupu, ng'ombe wanatembea peke yao bila mchungaji. Nilijua kaitoa Usangu, kwa wafugaji. Ya pili ilikuwa na miti iliyosimama kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanapoishia, na hakuna ndege hata mmoja.

"Hiyo naijua, si ni miti ya Sao Hill kwetu hiyo," Vero akasema. Lakini alisema huku kaning'ang'ania mkono.

Hewa ikivuja, Tumpe anapuliza ganda la kalamu: fiiiiii. Haki ya Mungu, kifua kilikuwa kinanibana mchana kweupe.

Tuje kwenye kasoro. Ukurasa mmoja maji yanapimwa kwa lita, unaofuata kwa galoni. Ukiwa fundi wa chombo kazi yako ni kusubiri kiharibike, basi. Na mhusika wangu, Kapteni Nuru, alikufa mara tatu kwa dadu ileile.

Ukurasa wa mwisho wa daftari Tumpe aliuandika juu: MAONI YA WACHEZAJI. Mama yake alikuwa katibu wa kwaya, na kwao kila baada ya mazoezi watu walitoa maoni. Kwa hiyo na sisi tuandike, bila majina. Wengi waliandika "safi", "inatisha", "punguza kuvuja".

Kapteni wangu alipokufa mara ya tatu, mimi nikaandika hivi: "Mchezo wa kupoteza muda. Tunaenda mbali halafu hakuna anayerudi. Anayeuongoza hajui anachofanya."

Jina sikuweka. Lakini mtu mmekaa dawati moja miaka minne, mwandiko wako ataacha kuujua?

Jumamosi iliyofuata Tumpe hakuja kwenye mawe. Alisema, "Leo hakuna safari," akaondoka na daftari lake. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Kunisalimia ananisalimia vizuri tu, halafu huyoo, kaenda kukaa peke yake.

Niliumia, sitaki kuwadanganya. Ilikuwa imebaki wiki chache tumalize shule. Nyie mna simu, hamjui kitu. Zama zile ukiagana vibaya na mtu stendi, inaweza kuwa ndiyo basi. Hilo lilinitisha kuliko mtihani.

Nikamfuata Vero. Tukaomba kwa fundi wa shule mguu wa kiti kilichovunjika, mninga mkavu wa miaka mingi. Vero akachonga dadu mpya, safari hii bila haraka, akaipima kila upande. Jumamosi ya nne tukampelekea Tumpe.

Akaigeuzageuza. "Haya, tujaribu."

Wakuu, hewa haikuvuja hata mara moja. Tukapita sayari nne, wote wazima. Vero akapiga mwayo. Mwingine akanyanyuka kwenda kugeuza sweta lake. Kapteni Nuru alikuwa hai na mimi nimechoka kabisa.

"Mbona mmenyamaza?" Tumpe akauliza. "Si ndiyo mlichotaka?"

Nikashindwa kujizuia. "Tumpe, rudisha ile mbovu. Na yale maoni mabaya niliandika mimi."

"Mwe! Kwani nilikuwa sijui?"

Tukacheka mpaka matroni akachungulia dirishani.

Halafu akasema, "Rusheni ile ya zamani. Ila leo mnarudi nyumbani. Mkikaribia dunia hakuna dadu. Kila mtu asimulie kwao mpaka sisi tupaone. Tukipaona, ametua."

Tukarusha. Moja, kama kawaida. Fiiiiii. Hewa inakaribia kwisha.

Vero akaanza. Akasema Jumamosi jioni baba yake anakaa kwenye kigoda, mama anamtoa unga wa mbao kwenye nywele, kidogo kidogo, huku anamgombeza. Tukamwona yule mzee. Vero akatua.

Mimi nikasimulia mama yangu sokoni Mbalizi, anapanga viazi, vikubwa juu vidogo chini, na ananiita jina kabla sijafika karibu. Sikumaliza, nikalia.

"Umefika," Tumpe akasema.

Nguo zikawa zimekauka, tukazikusanya. Shule ilipoisha tuliagana vizuri na sote tukashika njia zetu.

Miaka yote niliamini sheria ile ilimjia palepale kwenye jiwe. Mpaka mwaka huu, Tumpe alipofungua sanduku lake la shule akanitumia picha ya ule ukurasa kwa WhatsApp. Maneno yangu yapo. Chini yake kuna mwandiko wake: "Ni kweli, hakuna anayerudi. Ngoja nitafute njia." Kisha zinafuata sheria alizojaribu na kuzikata, moja baada ya nyingine, ukurasa mzima.

Jumamosi tatu mimi nasema kaninunia. Kumbe mwenzangu anahangaika kunirudisha nyumbani.

Nikampigia hapohapo. "Tumpe, siku ile wewe hukutua. Ulitusikiliza sisi tu."

Akasema, "Basi nisikilize." Akanisimulia kwao Iyunga mpaka salio likaisha. Nikaweka jingine nimwambie tu kwamba amefika.

Nilichojifunza: game ikiwa mbovu sema ni mbovu, ila weka jina lako, na urudi kusoma ulichojibiwa. Mimi nilichelewa zaidi ya miaka arobaini.

Haya, semeni na nyie. Mna game gani mnayoitukana kila siku na hamuifuti?

Ile dadu mbovu ya Vero ninayo mimi. Nimeirusha sasa hivi hapa mezani, kabla sijaweka uzi huu.

Moja.