Boti Lisiloitikia Hodi

Wiki iliyopita daktari alinigonga mgongoni kwa ncha za vidole, kichwa amekiinamisha, akisikiliza. Mara nikawa Likoni, mtoto wa miaka sita, nimechuchumaa kwenye mchanga wa moto.

Baba alikuwa amenunua boti kuukuu la faiba kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mchana ule aliugonga ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, ko. Akatega sikio. Akasogea, akagonga tena. Mimi kwa akili zangu nilidhani anapiga hodi. Nikangojea sauti itoke ndani iseme karibu, na ilivyochelewa, nikawa sikai sisimami.

"Zuhura!"

"Abee, baba."

"Hebu tulia, mwanangu. Wanipotezea sauti."

Karibu na pembe mlio ukabadilika, ukawa bu, bu, kama ngumi juu ya godoro. Baba akarudia pale pale mara tatu. Kisha akashika msumeno, akakata ganda la faiba. Maji meusi yakatiririka, yananuka uvundo, na ubao wa ndani ukamomonyoka mkononi mwake kama mkate uliolowa chai.

Nililia, wallahi. Niliamini mwenye nyumba amefia humo kwa kukosa wa kumfungulia.

"Hamna mtu," baba akacheka. "Ni ubao tu. Tutatia mwengine."

Akatia wa mvule, na boti likaenda miaka mingi.

Daktari alipofika chini ya bega la kushoto, alirudia pale pale mara tatu. Nikatulia kabisa, nisimpotezee sauti.