Ncha ya Kitenge

Mama yangu akicheka aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nimekulia kijiji cha Ruanda, juu milimani kwenye kahawa, nikidhani hiyo ni adabu ya wanawake wa kwetu. Nami nikamwiga, ingawa meno yangu yote yapo.

Nikisomea udaktari wa meno, mwaka wa tatu tulipelekwa mazoezini kwenye zahanati moja ya bondeni, Momba. Tulikuwa na fomu. Swali moja liliuliza kwa nini mgonjwa amechelewa kuja, na majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: woga, uzembe, mganga. Kiherehere changu! Akaja mama mmoja, jino la mbele limetoboka, nikaweka alama kwenye uzembe kabla hajakaa kitini.

"Hili linazibika, mama," nikamwambia. "Ila uende Tunduma. Sisi hapa tuna koleo la kung'olea tu."

"Mwaka jana nilikuja, mwanangu, wakasema sindano ya ganzi imekwisha. Nikarudi baada ya mavuno, mng'oaji kahamishwa." Akatazama mlangoni, alikokaa jirani yake aliyetembea naye tangu alfajiri. "Tunduma niende, ng'ombe nimwachie nani? Ng'oa tu."

Nilimsihi mpaka nikaona haya, maana nilimsihi angoje kitu ambacho sikuwa nacho. Nikang'oa. Mzizi ulikuwa mzima, imara, na uliniuma kuutazama.

Nikampa pamba aing'ate. Jirani yake akamtania, "Haya kibogoyo, mzee nyumbani atakukimbia."

Yule mama akacheka kwa mabega, midomo imebana pamba. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ncha ya kitenge, ukaziba mdomo. Alipoingia hakuwa akifanya hivyo.

Nikatoka nje kama ninayekwenda kunawa, nikalia. Mama yangu alikuwa kaburini mwaka wa pili. Kumbe haikuwa adabu, na mimi mwanawe sikuwahi kumuuliza. Niliporudi nilifuta ile alama, nikaandika pembeni mwa fomu: alikuja mara mbili.

Siku hizi nipo Tunduma, natengeneza meno ya bandia. Nikimaliza, humpa mtu kioo ajitazame. Kila mara natamani aliyekishika awe mama yangu, acheke mara moja tu, kitenge kikiwa begani.