Chipu Iliyovaliwa Shingoni

Kaka yangu ni mtu wa sayansi, na tangu utoto wetu hajatupa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Alifundisha fizikia katika shule za sekondari za Kasongo hadi alipostaafu. Ukimlalamikia kwamba kichwa kinakuuma, atakuuliza umekunywa maji kiasi gani. Ukimsimulia ndoto mbaya, atakuuliza ulikula nini kabla ya kulala. Mkewe alijifunza mapema kuishi naye kama watu wanavyoishi na redio: anamwacha aseme, naye anaendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Mali aliyoithamini kuliko zote ni kompyuta. Haifanani na hizi za leo. Ni sanduku moja la rangi ya maziwa, nene kama kamusi mbili zilizopandanishwa, lenye vibonye vya kuandikia juu yake. Kioo chake ni televisheni yoyote utakayoiunganisha, na kumbukumbu yake ni kaseti, zile zile za muziki. Aliachiwa na fundi mgeni wa mradi wa barabara alipokuwa anarudi kwao, kwa sababu kwao ilikuwa imekwisha kuzeeka. Kwetu Kasongo ilikuwa mpya kabisa, maana haikuwapo nyingine ya kuizeesha.

Mwaka uliofuata fundi yule alimtumia bahasha. Ndani yake mlikuwa na kijitabu chembamba na chipu moja nyeusi, ndefu kuliko pingili ya kidole, yenye miguu ishirini na minane ya chuma, kama tandu aliyepigwa pasi. Kaka alifungua kompyuta kwa bisibisi, akaikandamiza chipu ile katika nafasi iliyokuwa tupu, na tangu saa hiyo mashine ikajua kazi ambazo haikuzijua: kuandika kurasa, kuzipanga, kuorodhesha yaliyomo kwenye kaseti, na kutafuta neno moja kati ya maelfu. Kabla ya chipu, ukiiamuru lolote kati ya hayo, ilijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "amri mbaya". Kaka yangu, ambaye wanafunzi wake walisimama wima kwa kukohoa kwake tu, aliyachukia maneno yale kana kwamba ametukanwa na mtoto wa jirani.

Kazi kubwa ya kwanza aliyoipa mashine ilikuwa madaftari ya mama yetu. Mama alikuwa mkunga. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake, na aliandika kila mtoto aliyempokea: siku, uzito kwa makisio, jina la mama, na kila mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa. Kwetu hilo la mwisho si jambo dogo. Waliolelewa kwa ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Basi jioni, wakati jenereta ya shule ilipowaka, mama alisoma naye kaka akapiga vibonye. Mama alisema mashine ile inameza bila kutafuna; kwa hiyo alimsomea polepole, isije ikapaliwa.

Vita vilipofika, tulikimbilia Lusangi. Mashine haikubebeka, kaka aliifunga katika mipira ya magurudumu, akaitia ndani ya pipa na kuifukia nyuma ya jiko. Lakini chipu aliichomoa. Akaenda kwa mshona viatu, akashonewa kifuko cha ngozi ya mbuzi chenye kamba, akakivaa shingoni. Msomaji anaelewa watu tuliotembea nao njiani waliona nini. Mimi mwenyewe, mwenye shahada, nilikiona kifuko kile, nikajisemea kwamba hofu humfikisha kila mtu kwa mwalimu wa hirizi, nikanyamaza kwa adabu. Tuliporudi, kifuko kiliingia katika sanduku la nguo la wifi yangu, pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Jenereta ya shule haikurudi. Mashine ikafukuliwa ikiwa nzima, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa, ikawa pambo.

Mwaka jana binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mchumba: kijana anayeuza vipuri vya pikipiki huko Salamabila, ambaye kwao ni Wamaza. Wazee wao walikuja Kasongo kuleta posa. Walipokewa nyumbani kwa kaka yangu, kwa kuwa ndiye mjomba. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi bibi yake mchumba alipomuuliza binti yangu alizaliwa wapi, na mwezi gani. Alijibiwa. Akaweka kikombe chini.

"Mutoto huyu alinyonya kwa mukamwana wangu," akasema. "Mimi niliona na macho yangu."

Mukamwana wake, yaani mke wa mwanawe, ndiye mama yake mchumba, na alikwisha kufariki. Siku nilipojifungua, alikuwa katika kitanda jirani na changu, amejifungua mtoto mwingine wa kiume, mdogo wake mchumba. Na bibi huyu alikuwa amekuja kumuuguza. Hayo niliyajua. Nisichokijua ni siku tatu zilizofuata, kwa kuwa nilikuwa na homa kali, sijui mchana wala usiku. Nilipozinduka, mtoto alikuwa mikononi mwa mama yangu, ameshiba, nami sikuuliza kashibishwa na nani. Mama naye alikwisha kuzikwa zamani. Chumbani hamkuwa na mtu wa kumkanusha bibi yule.

Shehe wa mtaa wetu aliitwa siku hiyo hiyo. Alisikiliza, akasema kwamba kwa madhehebu tunayoyafuata swali si kama mtoto alinyonya, bali mara ngapi. Kunyonya kamili mara tano kunafanya undugu. Chini ya hapo, hakuna. Akamgeukia bibi: mara ngapi? Bibi akasema yeye alikwenda kuuguza, hakwenda kuhesabu. Wageni wakarudi Wamaza na posa yao.

Binti yangu hakulia. Alinikabidhi simu yake ili niifungie kabatini, kwa sababu, alisema, kama yule ni kaka yake, basi maneno waliyokuwa wakiandikiana hayafai, na kama si kaka yake, ataandika mengine hesabu ikipatikana. Niliifungia. Wiki nzima alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kwa ukali ambao haukuwa wake.

Ndipo kaka yangu alipokumbuka. Madaftari ya mama yaliliwa na mchwa wakati tuko Lusangi, lakini kaseti ilikuwapo. Siku hizi ana paneli ya jua juu ya paa na televisheni nene ya zamani, na nadhani kwa miaka alikuwa akisubiri kisingizio. Aliunganisha nyaya, akaiamuru mashine itafute. Ikamjibu kwamba amri ni mbaya. Akakumbuka kifuko, akafungua sanduku la nguo, akatoa kanga moja moja hadi akaiona sakafu ya sanduku.

Wifi yangu alikuwa mlangoni. "Unatafuta ile hirizi yako?"

Kaka alisimama na kanga mikononi. "Ile si hirizi."

"Nilifungia mutoto wa wageni shingoni. Alikuwa anakohoa, masikini."

Mtoto huyo alikuwa kitukuu wa yule bibi, waliyekuja naye mgongoni. Na hakuwa wa kwanza. Ikajulikana kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini wifi yangu alikuwa akiazimisha kifuko kile kwa kila mtoto mwenye degedege au meno magumu, na kilikuwa na sifa njema hadi ng'ambo ya soko. Kaka akaeleza, kwa sauti ya darasani, kwamba ndani mna kifaa cha kompyuta, hamna kingine. Wifi yangu alimpokonya kanga zake.

"Miaka yote ile nilisema, huyu bwana anajifanya tu, rohoni anaogopa Mungu kama sisi. Basi nilikuheshimu bure."



Tulikwenda Wamaza mimi na binti yangu, pikipiki mbili, tukifika na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kaka alitaka kuja; nilimwomba abaki, kwa kuwa nilijua angefundisha. Bibi alitukaribisha kama watu wanavyokaribishana hata wakiwa na neno baina yao, akatulisha wali na samaki, ndipo nikasema haja yetu. Mtoto alikuwa akicheza uani na kifuko kifuani, hakohoi tena.

"Munanipokonya dawa ya mutoto," bibi akasema, "kisha muende museme mimi ni muongo."

Nilianza kueleza habari za mashine na kaseti, na nilijisikia nikizungumza kama kaka yangu. Binti yangu akanigusa goti. Alimwomba bibi kifuko kifunguliwe pale pale, mbele yake, kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akakata uzi kwa wembe. Kikatoka kile kitu cheusi, miguu imeingia weusi wa jasho la watoto wa Kasongo wote, mmoja umepinda. Bibi alikigeuza kiganjani, akakinusa.

"Na maandiko iko wapi?"

"Iko ndani yake, mama muzee," binti yangu akasema. "Macho haiwezi kuyaona."

"Basi ni hirizi," bibi akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. Sina hakika hata leo kwamba ningekuwa na hoja ya kumpinga.

Alikubali kwa sharti moja: asiiachie mkononi mwetu, aje nayo mwenyewe. Kifuko kitupu akakishona upya na kukirudisha kwa mtoto, akisema ngozi ile imekwisha kuzoea kazi. Kesho yake alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani, katikati ya dereva na mimi, akimsahihisha dereva kila kona.

Tulikaa sebuleni kwa kaka baada ya sala ya adhuhuri, jua likiwa kali, kama paneli ilivyotaka: bibi, shehe, wifi yangu, binti yangu na mimi. Kaka aliisugua miguu ya chipu kwa kifutio cha shule, mguu mmoja baada ya mwingine, akaunyoosha uliopinda kwa kibano cha nyusi cha mkewe. Kisha akaihesabu yote mara mbili. Nilifahamu kwamba haogopi kuharibika kwa mashine, bali hesabu itakayotoka. Aliikandamiza chipu, akawasha, akaamuru.

Amri mbaya.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akazima, akasugua tena, akaikandamiza kwa vidole gumba viwili hadi ikalia kidogo. Safari hii mashine ilinyamaza, ikasubiri. Kaseti ikaanza kupiga mluzi na kukwaruza, dakika nyingi, bibi akauliza kama ni lazima iteseke hivyo. Kisha kaka akaandika neno Wamaza, akabonyeza.

Mstari ukatokea. Kaka alifungua kinywa asome, bibi akamzuia: mjomba ana upande. Asome shehe. Shehe alivaa miwani, akaikaribia televisheni hadi tukaona uso wake umekuwa wa buluu.

"Mtoto wa binti yangu, mama yake ana homa," alisoma. "Amepewa ziwa na mama wa Wamaza, kitanda cha pili. Jana mara mbili. Leo mara mbili. Nimemshukuru, nimemwondoa mtoto, nimempeleka kwa mwingine. Isifike tano."

Sikuwahi kuisikia sauti ya mama yangu ikitoka katika kinywa cha mwanamume mwenye ndevu, lakini ilikuwa yeye. Alikuwa amekaa kati ya vitanda viwili, binti yake akiungua, mjukuu akilia kwa njaa, na bado akaufikiria mlango ambao mtoto yule huenda angetaka kuupita baada ya miaka ishirini na kitu. Binti yangu alikuwa amefumba macho.

Bibi aliagiza mashine itafute tena, isije ikawa imeficha. Kaka akatafuta tena. Ikaenda hadi mwisho wa kaseti, ikarudi na mstari ule ule. Shehe akasema nne ni nne, bibi hakusema uongo, na ndoa haina kizuizi. Tukabaki tunamtazama bibi. Alijifunga kitambaa chake kichwani upya, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kupoteza wala kushinda.

"Mama yenu alikuwa na choyo," akaniambia. "Maziwa ilikuwa nyingi. Mukamwana wangu angemunyonyesha hata mwezi."

Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume, na kwa hiyo yule atakayeolewa naye humwita mke mwenziwe, humgombeza na kumwonea wivu hadharani. Tangu siku ya posa bibi huyu hakuwa amemwita binti yangu jina lolote. Sasa alimgeukia, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, bila huruma.

"Mukemwenza wangu," akasema, "umekaa tu. Nani ataniletea maji?"

Binti yangu alikwenda kuyaleta mbio, akamwaga nusu njiani.