Mwamko wa Saa Nne

Mwaka 2008, katika kliniki moja ya Nakuru, kazi yangu ilikuwa kukokotoa jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na jinsi mawasiliano hayo yanavyobadilika kila dakika. Wagonjwa walifungwa nyaya za kupima umeme wa ubongo kichwani asubuhi nzima, katika chumba cha chini. Mimi nilikaa ghorofani, nikingoja faili za vipimo vyao.

Nikaona ajabu. Kwa kila mgonjwa, ikifika saa nne, ubongo mzima uliwasiliana kwa kishindo, kisha ukatulia baada ya robo saa. Nilirudia hesabu mara tatu, nikaupa ugunduzi wangu jina: mwamko wa saa nne. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, kwa hiyo niliomba kuuwasilisha mbele ya madaktari wote.

"Unasababishwa na nini?" daktari mkuu akauliza.

"Hilo bado ni fumbo la ubongo," nikajibu kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Sista Chebet, muuguzi aliyekuwa akiwafunga wagonjwa zile nyaya, akainua mkono.

"Boss, saa nne si ndio huwa nawapea chai na mandazi? Wakitafuna, waya zote zinatingishika pamoja."

Daktari mkuu akaniuliza kama nimewahi kushuka kukiona chumba chenyewe.

Ngazi ni kumi na mbili. Nilizihesabu siku hiyo, nikishuka na sanduku la vitu vyangu.