Kibao cha Kobe

Simu iliingia nikiwa napiga pasi mashuka ya hoteli, asubuhi, kabla wenzangu wa udobi hawajafika. Alikuwa karani wa hifadhini. Aliuliza, "Wewe ni nani kwa Filimbi?"

"Mdogo wake. Kafanya nini tena?" Nilidhani amemtukana mgeni.

Akasema wamempata chini ya jabali na kwamba ameshapoa. Alitumia neno hilo, ameshapoa, kama anazungumzia chai. Nilimchukia yule karani papo hapo. Pasi ilikuwa inaunguza shuka, nami niliiangalia tu.

Filimbi ni dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Alilinda lango la hifadhi ya serikali, vile vilima ambavyo watu wa mjini huenda mwisho wa wiki kupanda, kukimbia na kupiga picha. Jina alilipata kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni, na hakuwa mchoyo nayo. Ukikanyaga nje ya njia, filimbi. Ukiwasha moto, filimbi. Ukimkumbatia mchumba wako ukingoni mwa jabali ili mpigwe picha, filimbi, halafu maneno. "Ukitaka kufa, kafie kwenu! Hapa sina jeneza la saizi yako." Hakuwa na simile. Wageni walimlalamikia, na mkuu wa hifadhi alikuwa akimwita ofisini kumwambia atabasamu.

"Nikitabasamu watashuka?" alimjibu.

Kushuka, hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikata mbao vipande vya ukubwa wa kiganja, akachora mnyama kwenye kila kimoja kwa rangi iliyobaki walipopaka uzio. Watu wakipanda walichukua kibao kimoja msumarini, wakishuka walikirudisha. Jioni akiona msumari mtupu alijua kuna mtu bado yuko juu, na hakufunga lango. Alivaa koti, akachukua tochi, akapanda kumfuata. Michoro yenyewe ilikuwa mibaya, Mungu amrehemu.

"Huyu ni sungura au punda?" wageni walimchokoza.

"Ni wewe huyo. Chukua, upande."

Siku aliyokufa mvua ilinyesha tangu mchana. Jioni msumari wa kobe ulikuwa mtupu. Karani alimsihi asubiri mvua ikatike. "Na huyo mwenye kobe, naye umemwambia asubiri?" alimuuliza, akatoka. Wenzake walipomtafuta alfajiri walikagua vilima vyote. Hapakuwa na mgeni yeyote kule juu. Palikuwa na dada yangu tu, na alama ya buti lake ilipoteleza.

Mkuu wa hifadhi alikuja nyumbani kwa mama, akaketi ukingoni mwa kochi kana kwamba linauma. Alitoa pole. Halafu akasema magari yote ya wageni yalikuwa yameshaondoka, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kupanda.

"Wengine huletwa na kuachwa langoni," nilimwambia. "Unalijua hilo."

"Kibao huenda kilipotea siku nyingi. Marehemu alikuwa na ukaidi wake, mama. Mnamjua wenyewe. Sisi tunaihesabu kuwa ajali nje ya kazi."

"Toka," nikasema.

Mama alinivuta sketi. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Mimi ni mtu wa kanisa, nafundisha watoto kila Jumapili, lakini siku ile nilijitafuta ndani nisione hata chembe ya upendo. Mtaani maneno yalikuwa yameshatangulia. Muuza nyanya aliniambia, huku ananichagulia zilizoiva, kwamba watu wanasema dada kajiua kwa kiherehere. Nilimwachia nyanya zake. Sikumwomba Mungu kitu kingine wiki ile ila hiki: dada yangu asiingie ardhini na jina la mtu aliyekufa kwa upuuzi.

Siku ya mazishi watu walikuwa wameshakusanyika makaburini gari moja lilipoingia. Alishuka karani, kisha mwanamume wa makamo aliyevaa kaptura ya mazoezi na raba. Alikuwa amerudi hifadhini asubuhi hiyo kupanda vilima kama kawaida yake. Karani, aliyekuwa anashika zamu langoni, akamwona kobe ananing'inia kwenye kioo cha ndani cha gari.

"Nilidhani ni cha kumbukumbu," yule mtu aliniambia, akinikabidhi kibao. "Nilishuka mapema kwa sababu ya mvua, nikaondoka nacho. Sikujua, dada."

"Usiniite dada. Alikuambia ukirudishe, hakukuambia?"

"Aliniambia. Alinifokea kabisa." Aliangalia chini. "Nikaona ana kiburi, acha nimkomoe."

Nilitamani nimpige nacho usoni. Mama alikichukua mikononi mwangu, akakigeuza. "Kobe gani huyu mwenye masikio?" akasema, akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio hapo hapo.

Nikamwambia yule mtu, "Utayasema hayo mbele ya watu, yote, na mkuu wa hifadhi, yule pale mwenye suti, ayasikie. La sivyo ondoka na kaptura yako."

Alikwenda akasimama kando ya jeneza, magoti wazi, akayasema. Hakuruka kitu, hata lile la kumkomoa. Watu waliguna. Mchungaji akamtazama mkuu wa hifadhi, akamuuliza kama ana neno. Mkuu alichelewa kusimama. "Alipanda akiwa kazini," alisema, akaketi. Nilitaka aseme zaidi.

Tulimteremsha. Kamba ya upande wa miguu ilikwama kidogo, wajomba wakailegeza. Mama alirusha udongo wa kwanza, nikafuata mimi. Yule mtu alikuja kuomba koleo. Nilimpa koleo, mkono sikumpa, na hadi leo naomba Mungu anisaidie kuutoa. Alifukia mpaka raba zake zikajaa udongo. Karani alichukua kibao akakirudishe msumarini. Tuliimba, mchungaji akaomba, tukaweka maua. Kisha tukamshika mama mikono, tukaenda nyumbani.