Buibui Huyu, Buibui Hili

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa fundi wangu wa Yeoville, mtu wa Tanga, nikisubiri anipunguzie suruali ya kijivu. Akaingia mama mmoja Mkenya na bintiye, kuchukua nguo ya Halloween, ile siku watoto huvaa vitu vya kutisha na kuomba peremende. Sherehe ya shule ilikuwa mchana huo huo.

Fundi akafunua kwa madaha buibui jeusi, refu mpaka chini, na ushungi wake.

"Eish," mama akasema. "Fundi, si nilikuambia buibui?"

"Na hili ni nini, dada?"

"Buibui wa miguu minane. Mdudu."

"Ungesema wa, nisingeshona la."

Mtoto husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Alieleza jambo kwa mikono miwili, mama akatafsiri: uzi wa buibui ukilinganishwa na wa chuma wa uzito ule ule, wa buibui ndio wenye nguvu. Fundi akavuta uzi wa cherehani yake. Ukakatika. Akamgeukia mtoto kwa heshima mpya.

"Muulize, huyo buibui anauza wapi?"

Kisha akakaa kushona miguu. Kiswahili chetu huku Joburg nacho ni utando: kinatuunganisha wote, halafu kinatunasa.

Kitambaa cheusi kilimwishia kwenye mguu wa sita. Mtoto aliondoka na miguu minane, miwili ya kijivu. Mimi niliondoka na kaptura.