Mshale Haukufika kwenye Nyekundu

Asubuhi ya baridi, nikiwasha hita ya gari, ile harufu ya kwanza ya vumbi lililoungua hunirudisha Kigali, kiangazi cha 1992. Nina miaka tisa, mapaja yamegandana na kiti cha plastiki cha pikapu ya baba, na jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Nilivaa soksi kwa sababu nilijiona nimepewa kazi ya heshima. Tulikuwa tunakwenda mtaa wa Gikondo kumleta shangazi nyumbani.

Niwaeleze kwanza. Shangazi alikuwa dada pekee wa baba. Sisi ni Waislamu wa mtaa wa Rwezamenyo. Yeye akampenda fundi Mkristo wa Gikondo, akaolewa kanisani. Baba akasusa. Miaka mitatu hakukanyaga kwake, wala jina la shangazi halikutajwa tukila, ingawa mama alimpelekea sambusa kwa siri ambayo nadhani baba aliijua vizuri sana. Kisha yule mume akaugua ghafla, akafariki. Baba alikwenda mazishini, akasimama kule nyuma karibu na barabara, akarudi nyumbani. Shangazi alipotuma ujumbe kwamba anataka kurudi kwetu, alitoa sharti moja: haji bila gari la marehemu, gari dogo jeupe lililozima tangu kabla ya msiba. Baba akatafuta kamba.

Tulipofika, baba na shangazi walisalimiana kama watu wa ofisini. Shangazi akakataa mtu mwingine ashike usukani. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika gari hilohilo.

Kuvuta gari kwenye vilima vya Kigali, saa saba mchana, mwezi wa saba, si mchezo. Pikapu yetu ndiyo iliyotulisha, ikiwabebea watu magodoro na ndizi, na baba alijua kwamba mwendo wa kinyonga na mzigo nyuma huua injini: upepo haupiti kwenye rejeta, maji yanachemka. Alikuwa amejaza rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, na amepakia madumu mawili ya maji. Akaweka gia ya kwanza, kisha akafanya jambo lililonifanya nidhani jua limempanda kichwani. Akawasha hita mpaka mwisho.

"Baba, iko jua kali!" nikalalamika.

"Acha. Ile joto ya moteri inakuja kwetu, moteri inapumua. Wewe angalia mshale. Ikifika kwa nyekundu, unaniambia."

Nikautolea macho mshale wa kipimo cha joto.

Hatujamaliza mlima wa kwanza, baba akaegesha kando, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akaacha injini ikinguruma taratibu na kufungua boneti. Mshale ulikuwa katikati. Nikamwambia.

"Moteri iko moto," akajibu, akasimama akiligeuzia mgongo gari la shangazi, akipangusa vitu ambavyo havikuhitaji kupanguswa.

Tukaendelea. Mbele kidogo akasimama tena. Mshale palepale. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mabasi madogo yalitupigia honi, abiria wakatucheka, nami nikawa nachemka kuliko injini. Niliona tu kwamba kabla ya kusimama, baba alikuwa akitupa jicho kwenye kioo cha kuonea nyuma.

Safari ya nusu saa ilituchukua karibu saa tatu nzima. Langoni kwetu shangazi akashuka, uso mkavu, kitenge kimefungwa vizuri, utadhani ametoka sokoni.

"Pole," akamwambia baba. "Gari yangu imekutesa. Moteri yako imechemka sana."

Sikuweza kuvumilia. "Haikuchemka! Mshale hata haikufika kwa nyekundu. Baba alikuwa anaangalia kioo, anasimama. Anaangalia kioo, anasimama. Bure tu!"

Baba akainamia fundo la kamba lililokuwa limeshafunguka. Shangazi akamtazama, akaenda, akachuchumaa kando yake vumbini.

"Musaza wanjye," akasema. Kaka yangu. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Na hapohapo akalia kwa sauti, mbele ya majirani, mpaka mama akaja kutuvuta sote ndani.

Nilijiona mbea kwa miaka mingi, na nilishangaa kwamba hakuna aliyenikaripia. Nilikuja kuelewa nilipofiwa mwenyewe na kulazimika kuendesha gari siku ileile. Kwetu mtu mzima halii barabarani. Machozi ni ya ndani, mlango ukiwa umefungwa. Shangazi alikuwa analia peke yake kwenye usukani wa mumewe, na baba alikuwa anamwona. Baada ya miaka mitatu ya kununa hakuwa na neno la kumwambia, na aliona haya. Alichoweza ni kusimamisha gari na kumpa mgongo, ajifute uso bila kuonwa. Alisingizia injini, na mimi nikamfichua.

Nafurahi nilimfichua. Walipata chini ya miaka miwili ya kula sahani moja na kubishana juu ya chumvi, kabla Aprili 1994 haijatunyang'anya baba na mama. Shangazi ndiye aliyenilea. Mpaka leo ukimuuliza habari za kaka yake, hataji ile miaka mitatu ya kususiwa. Husema, "Alinileta nyumbani polepole."